Kimya ni Salama

Jumatano, 3 Septemba 2025

Zimeondoka. Meseji zote za Rungwe, asubuhi hii, kwa mkupuo mmoja. Nimebonyeza mimi. Shedrack, mwenzangu wa kazi, alisimama nyuma ya kiti changu akitafuna kashata, akaniuliza mbona umekodoa macho, Injinia, unarusha kombora? Nikacheka. Kweli nilikuwa naogopa.

Nijiandikie mambo yalivyo. Nikiogopa, mikono yangu inataka kazi, na kazi pekee inayoituliza ni hii.

Wakala anapita nyumba kwa nyumba na simu. Anachota mahindi ya ghalani, anayatia kwenye mfuko wenye namba, anajaza fomu. Fomu nimeitunga mimi: naipanga kwenye jedwali, programu ya Python inaigeuza kuwa faili la XML, simu inaisoma. Majibu nayo yanarudi kwangu kama XML, hata kijijini kukiwa hakuna mtandao — yanasubiri tu. Maabara ya Mbeya inapima sumukuvu. Kisha programu yangu inachukua jina la mkuu wa kaya lililo kwenye fomu, inalitafuta kwenye orodha ya kijiji, inapata namba ya simu. Mahindi yakiwa na sumu, meseji inakwenda: msile, msiuze, msilishe mifugo. Yakiwa mazima haiendi meseji yoyote. Hilo la mwisho aliamua Bipin, bosi wetu, kuokoa gharama, na mawakala wakalitangaza kwenye mikutano ya vijiji. Kimya ni salama.

Sumukuvu haina harufu. Ukiosha mahindi ukungu unaondoka, sumu inabaki. Ukipika, inabaki. Inakwenda kwenye ini. Nimesoma mno juu yake. Ningesoma kidogo ningepata usingizi.

Jambo moja najivunia — fomu yangu haikubali pengo. Kila swali kubwa lina nyota nyekundu, na usipolijibu simu haikufungulii ukurasa unaofuata. Nachukia nafasi tupu tangu chuoni. Naiona kama mlango mtu aliousahau wazi, nawe uko ndani peke yako.


Alhamisi, 4 Septemba

Hakuna aliyepiga simu. Hakuna lalamiko. Bipin ameingia na sambusa za mkewe, akatusalimia kwa Kihehe chake safi, "Kamwene!", akasema mradi ukienda bila kelele ndiyo umekwenda vizuri.

Mbona mimi kimya hiki sikiamini?


Jumamosi, 6 Septemba

Dastan amepiga. Huyu ndiye wakala wetu wa kule juu ya Tukuyu, kijiji alikoolewa dada yangu Juliana. Alikuwa anacheka hata maneno hayatoki.

Kuna Mzee Didas pale kijijini, mgane, mkewe alifariki zamani. Analima viazi. Mahindi yake yote ni debe moja la kuku. Basi Mzee Didas amepata meseji za sumu tatu! Tatu kwa pamoja! Kijiji hakina habari nyingine. Wanampigia kelele barabarani: Didas, sumu yote ya wilaya umehodhi wewe, tugawie na sisi. Na mzee anawajibu anasubiri fidia ya mahindi asiyowahi kuyavuna.

Nilipomsimulia Shedrack kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyo mzee kakosana na seva.

Sijacheka. Nyumba moja inapata meseji moja. Nimeiandika hivyo mwenyewe. Meseji mbili za Mzee Didas — hapana, zote tatu — zilikuwa za nani?

Jumatatu nitaangalia. Hapana. Kesho.


Jumapili, 7 Septemba

Mama amekwenda misa peke yake. Nimemwambia kichwa kinauma. Nimekaa mezani na laptopu toka alipofunga mlango, na nimeliona.

Niliandike taratibu. Programu inapita sampuli moja moja. Ikilipata jina kwenye orodha ya kijiji, inaishika kaya ile mkononi, inatuma kwa simu yake. Isipolipata ilitakiwa ikunjue mkono, iseme sijapata. Haikunjui! Inabaki imeshika kaya ya sampuli iliyotangulia na inatuma kulekule. Mstari mmoja sikuuandika. Mstari mmoja wa kufungua mkono. Mzee Didas ndiye wa mwisho aliyepatikana, na kuku wake wako salama. Baada yake yamefuata majina matatu ambayo hayamo kwenye orodha, yote yana sumu, yote yakamwangukia yeye.

Wenye mahindi yale hawakupata kitu. Wamepata kimya. Na sisi tulikwisha kuwaambia kimya maana yake nini.

Majina matatu: Mchungaji Eliezeri. Kamanda Mweusi. Mkwe.

Mkwe! Nani anaitwa Mkwe? Na hilo ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko vyote tulivyopima Rungwe nzima. Nilisoma tarakimu nikadhani maabara wamekosea nukta.

Mahali je? Simu inaweza kuandika mahali ilipo. Lakini swali la mahali sikuliwekea nyota, mawakala walilalamika linamaliza chaji. Wameliacha tupu. Jina nimelilazimisha, mahali nimepaacha.

Nikafungua na yale mengine yasiyopatikana, yasiyo na sumu, nijue ukubwa wa janga. Nikashuka, nikashuka. Halafu nikaona: Fanueli Kikoti.

Fanueli Kikoti ni Baba yangu. Yuko makaburini hapa Ipogolo, Iringa, tangu nikiwa kidato cha pili. Na XML yangu inasema ni mkuu wa kaya huko Rungwe, ana gunia moja jikoni, amehifadhi mwezi Julai.

Nikainuka nikawasha taa mchana kweupe.

Kisha akili ikarudi. Juliana.

Nikampigia. Alikuwa anamenya magimbi, nasikia kisu. Nikamuuliza kwa nini Baba yuko kwenye mashine yangu. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Devota, ningesemaje? Huyo kijana ananiuliza mkuu wa kaya ni nani. Mkuu wa kaya ni baba mkwe. Mimi nimtaje?"

"Si ungesema tu sijui."

"Nilimwambia aache. Akasema simu inakataa, ina nyota. Nikamwambia basi andika la Baba, marehemu hana hasira."

Nimesahau vipi! Siyo nyumba zote za Kinyakyusa siku hizi, lakini nyumba ya kina Crispin, mumewe Juliana, bado wanashika mila. Mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtazami usoni. Akimwona njiani anapinda. Miaka yote hii Juliana anamwekea chakula kwenye meza ndogo ya barazani, anarudi jikoni, ndipo mzee naye anatoka kukichukua. Na yeye mzee akimsikia anakuja anageuza mgongo, ndiyo heshima yake kwa mkwe. Nilihudhuria harusi, nililiona, nikaliona zuri. Halafu nikakaa Iringa nikatunga fomu, na mwenye funguo za ghala kila nyumba ni mke wa mwana.

Na Dastan hakuwajua wazee wa pale, ni mtu wa Uyole, Mbeya mjini. Kwake jina ni jina, mradi nyota itoke.

Nikafungua matokeo ya Fanueli Kikoti. Mazima kabisa. Nilifunika uso kwa mikono. Nilifurahi — nyumba tatu zinakula sumu na mimi nafurahi.

"Yenu salama, dada," nikamwambia. "Kuleni."

"Nilijua. Si hatukupata meseji?" Akaniambia watoto hawajambo. Crispin bado yuko Zambia na lori. Baba mkwe ndiye hajisikii vizuri, anatapika, macho yamegeuka njano, dispensari wamempa dawa ya malaria. Nikasema pole. Akasema asante, nikakata.

Kina nani wengine kijijini waliotaja majina ya watu wengine? Nilitaka kumuuliza hilo nikasahau. Nilikuwa nimeshasikia nilichotaka kusikia.


Jumatatu, 8 Septemba

Nilimweleza Bipin mlango ukiwa umefungwa. Nilijiandaa kufukuzwa, nikavaa hata blauzi nzuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani akaiweka mezani, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Mstari ni wako," akasema. "Kimya ni changu. Tusigombanie."

Bora angefoka.

Tumetuma meseji kwa kijiji kizima: acheni kula mahindi yenu mpaka tuwathibitishie. Nilisoma mara nyingi kabla ya kubonyeza. Safari hii Shedrack hakutania.

Mchana Dastan akapiga. Hacheki tena. Anasema wanacheka wao. Kuna waliomzunguka sokoni: nyie mmetumwa na walanguzi, mnataka tuwauzie kwa bei ya kutupa. Mama mmoja kamuuliza mbele za watu, kompyuta iliyomgawia Didas mahindi asiyokuwa nayo, itanifundisha nini mimi kuhusu yangu? Wamempigia makofi. Kuna wanaokula makusudi, barazani, wakimwita aonje.

Kosa langu limekuwa kichekesho na kichekesho kimeua onyo.

Nikamuuliza Dastan: Mkwe ni nyumba ipi? Kumbuka! Akasema dada, ilikuwa mvua, nilipita nyumba nyingi, kila jikoni kuna mwanamke ananiambia hilo jina silisemi. Niliandika kila walichonipa. Akaanza kulia. Mwanamume mzima, kwenye simu.

Bipin amesema niende. Mimi, siyo meseji. "Wewe una ndugu pale, watakufungulia mlango." Shedrack amenipa pawabenki yake, na kashata, akasema Injinia, kawatafute.

Mama ananifungia vitumbua vya safari na kuniuliza nina nini. Nimemwambia kazi.


Jumanne, 9 Septemba

Chimala. Basi limepata pancha. Abiria wamesambaa kununua mchele, mimi nimekaa kwenye benchi la mama ntilie na daftari.

Toka Ipogolo sikutazama dirishani ila Mafinga, palipokuwa na malori ya mbao yamepangana. Mbao hazimdhuru mtu. Niliyaonea wivu.

Hapa mbele yangu pana fuso la mahindi. Magunia hadi juu. Vijana wamelala juu yake wanasikiliza redio. Bipin aliniambia hofu yake ndiyo hii: ukimwambia mtu mahindi yake mabaya, asipokuamini atakula, akikuamini nusunusu atauza. Gunia halina uso. Nimelitazama hilo fuso mpaka kijana mmoja akaniita, vipi mrembo, unataka gunia au mimi? Wenzake wakaangua kicheko. Nikageuka.

Najaribu kumwaza huyo Mkwe. Mwanamke kasimama mlangoni pa ghala, mtoto mgongoni. Anaulizwa jina asiloruhusiwa kulitamka. Nafasi tupu ingesema kweli: hapa pana jina, siwezi kulitaja. Ningeiona, ningepiga simu, ningeuliza. Lakini nilimnyima nafasi hiyo tupu. Nikamlazimisha anidanganye ili nipate fomu iliyojaa.

Nitalala Mbeya. Kesho alfajiri Tukuyu.


Jumatano, 10 Septemba

Nimefika. Ukungu hadi kwenye migomba. Juliana kanikumbatia kwa nguvu, kaniambia nimekonda, Iringa hakuna chakula? Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni kwake. Mzee hayupo, kaenda dispensari tena, atarudi mchana.

Wazo ni la Juliana. Hakutaka mkutano wa kijiji. Mikutano ni ya wanaume, kasema, na waliotoa majina ni sisi. Katuma salamu kwa wake wenzake wa ukoo na majirani, waje mmojammoja kwa mlango wa nyuma, kama wanaokuja kuomba moto.

Wanakuja! "Ugonile," "Ndaga," wananisalimu kwa Kinyakyusa, wanakaa, wanatazama moto. Nawasomea majina. Kwanza wanakana, halafu wanacheka.

Mmoja, Apolonia, mwembamba, mcheshi, kaniambia Mchungaji Eliezeri ni wake. "Ndiye aliyenibatiza, dada, angekataa kunisaidia?" Nikamwambia matokeo. Kicheko kikamkauka. Sikuhitaji kumbembeleza, nilikuwa nalia. Akanitazama machozi, akamwambia Juliana huyu hajatumwa na walanguzi. Akaondoka mbio.

Kamanda Mweusi akapatikana kabla chai haijapoa. Ni dume lao la ng'ombe! Mwanamke wa nyumba ile, aliyekuwa anakunywa chai nasi, aliulizwa mkuu, akamtaja mkubwa kuliko wote zizini. Jikoni wakashikana mbavu. Nilicheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Kisha nikamwambia matokeo. Kaweka kikombe chini, kasema gunia liko wazi, lakini akisema hapana watoto hawaligusi.

Mbili. Imebaki Mkwe.

Nikauliza kila aliyeingia. Nani alimwambia Dastan aandike mkwe? Wanatazamana. Apolonia alirudi na jasho, akasema, "Dada, sisi sote humu ni wakwe." Lakini hakuna aliyesema ni mimi. Wameondoka wote wakapike.

*

Mchana. Mzee karudi. Nimesikia fimbo yake uani na kikohozi. Juliana kapakua ugali wake na maharage, kapeleka kwenye meza ya barazani, karudi. Mzee katoka, kakaa.

Niandike haraka.

Nilimuuliza Juliana, ili tu kusema neno, kama meseji ya Jumatatu ilimfikia. Akasema ilifika, ila hakuijali. "Wewe ndiye mwenye mashine. Jumapili uliniambia kuleni."

Nikamuuliza swali ambalo sikuuliza Jumapili. Yale aliyopima Dastan ndiyo mnayokula?

"Lile gunia la Crispin? Limeisha Jumapili ileile." Alikuwa anasugua mwiko. "Sasa tunakula ya kihenge cha nyuma. Ya..." Akasogeza midomo kuelekea barazani. "Yeye ndiyo anayokula siku zote. Hapendi ya gunia."

"Na kihenge Dastan alipima?"

"Alipima. Fomu nyingine. Tena ananiuliza mkuu nani, mkuu nani, mtoto analia, mvua inaingia, nyota, nyota. Nikamwambia wee, andika mk—"

Hakumaliza. Mwiko ukabaki mkononi.

Nikasimama. Nikasema naenda mimi, mimi si mkwe wake, mimi nitamwambia. Juliana alikwisha kuvuka mlango.

Hajawahi kuukatiza ua ule mzee akiwa amekaa. Nilimwona mzee akisikia hatua za mwanamke. Akafanya kama alivyofanya miaka yote, kwa adabu: akageuka, akampa mgongo, akajifunika kichwa kwa koti. Na sahani yake magotini. Akaendelea kula.

Juliana akasema baba. Akasema tena. Mzee akainamisha kichwa zaidi, kumsitiri. Mkono ukaenda kwenye sahani.

Basi akamwita. Kwa jina. Jina lake na la baba yake, kwa sauti ambayo majirani wameisikia, maana upande wa pili mtwangio umenyamaza. Mimi ninalo kwenye orodha, nimelisoma mara nyingi. Sitaliandika hapa.

Nimeegemea nguzo ya mlango nimeshika kalamu, mikono haina kazi nyingine. Watoto wako nyuma yangu, wamelala shibe, sahani zao ziko kwenye beseni.

Juliana amesimama katikati ya ua, mwiko bado anao. Mzee tonge liko mkononi, halijafika mdomoni, halijarudi kwenye sahani. Mgongo ameugeuzia kwetu.